Viti Elfu Sita Vitupu

Vijana wangu, kila wiki simu yangu hulia na mmoja wenu huniuliza swali lilelile: "Mzee Wandera, nipe zile namba." Salamu hamna, habari za goti langu hamuulizi. Mmefunga seva mpya kule Malaba au Busia, mmeweka hifadhidata, inajikokota, na mmesikia kwamba yuko mzee mmoja mstaafu mwenye namba za kuweka kwenye kerneli, ukiziweka mashine inaruka. Namba ninazo. Siwapi. Kaeni kitako niwaambie kwa nini, na mwenye haraka aende akaulize intaneti, ambayo haijawahi kukosa jibu hata siku moja.

Nimefanya kazi hii zaidi ya miaka ishirini, pande zote mbili za mpaka. Nilianza Busia upande wa Kenya, kwenye kampuni moja kubwa ya mizigo, nikamalizia Tororo kwa Hajati Zubeda, mwenye malori. Kote huko nilitunza mashine zinazoweka rekodi za malori: lipi limebeba nini, nani analiendesha, karatasi zake za forodha zimefika wapi. Mashine ikizimika, lori linasimama. Lori likisimama, dereva anapiga simu. Nimetukanwa kwa Kisamia, Kidhopadhola, Kiteso na Kijaluo, na matusi yote yalikuwa yananistahili.

Kwa wale walioingia kazini kwa kujuana, kerneli ni kile kiini cha mfumo endeshi kinachogawa kila kitu ndani ya mashine: nani apate memori, nani asubiri, nani auawe. Ndiyo, auawe. Memori ikiisha kabisa, kerneli haiundi kamati. Huangalia programu zote zinazofanya kazi, huchagua moja, kwa kawaida ile nene kuliko zote, huikata shingo ili nyingine zipumue. Na kwenye seva ya hifadhidata, hebu nikisieni ile nene kuliko zote ni ipi.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Barasa. Hakuwahi kusomesha shule yoyote, lakini alikuwa na kila kitu cha mwalimu: shati limechomekwa, kalamu mbili mfukoni, na uso wa mtu anayesubiri utoe jibu baya. Alikuwa na daftari la jalada gumu. Kabla ya kugusa namba moja ya kerneli aliandika humo namba ya zamani, namba mpya, na kwa nini. Kisha alikaa siku nzima bila kugusa kitu kingine. Siku nzima! Mimi nimekaa pembeni, vidole vinaniwasha, nikimwona kama mtu anayelipwa kwa kutazama ukuta.

"Ukibadilisha vitu vitano kwa mpigo na mashine ikapona, utamshukuru nani kati ya hao watano?" aliniuliza. "Na ikifa, utamshtaki nani?"

Wakati mmoja nilisoma mahali kwamba kwenye seva ya hifadhidata ile namba ya swappiness iwe ndogo. Ni kweli. Namba hiyo huiambia kerneli iwe na haraka kiasi gani ya kuhamisha vitu kutoka kwenye memori kwenda kwenye diski, na kwa kuwa diski ni mvivu, hutaki haraka hiyo. Mimi kwa ubingwa wangu nikaona kama ndogo ni nzuri, basi sifuri ni nzuri zaidi. Nikaweka sifuri. Mchana wa siku hiyo kazi zilipozidi, kerneli ikakosa pa kupunguzia mzigo, ikashika kisu. Barasa hakunigombeza. Alinipa kalamu moja kati ya zile mbili na kusema, "Andika kwa nini uliweka sifuri." Nilikaa na lile daftari nusu saa. Mwishowe nikaandika: "Nilisoma mahali." Akalisoma, akacheka mpaka akatoa miwani. Nilimchukia wiki mbili.

Mngedhani baada ya hapo nilizinduka nikapata akili. Wapi.

Mnajua desturi yetu ya mpakani. Fundi akihama kazi, wenzake wanamnunulia soda, wanamwambia maneno matamu, na kabla hajatoka mlangoni anachomeka flashi na kunakili faili la mipangilio ya kerneli. Hakuna anayeliita wizi. Ni zawadi ya kuagana. Faili la Barasa limesafiri kuliko madereva wa Hajati. Nimelikuta Malaba. Nimelikuta kwa mtu mmoja wa Rubongi aliyekuwa na seva moja tu, tena ameiweka chini ya meza ya kupigia pasi. Mistari ileile, kwa mpangilio uleule, hata ule mstari mtupu ambao Barasa aliuacha katikati kupumzisha macho. Hakuna aliyejua mistari ile inafanya nini, lakini kila mmoja aliapa kwamba bila hiyo mashine haiendi.

Nami nilipohamia Tororo nilifanya vivyo hivyo. Nilichukua faili. Daftari nililiacha kwenye droo, kwa sababu lilikuwa zito na flashi ilikuwa nyepesi.

Mashine ya Busia ilikuwa na memori ya gigabaiti sitini na nne. Ya Tororo ilikuwa na kumi na sita. Mtu mwenye akili angesimama hapo akajiuliza jambo. Mimi nilibandika faili, nikawasha upya, nikaona taa za kijani, nikamwambia Hajati, "Nimeifunga kitaalamu." Kwenye faili lile, juu kabisa, nikaandika jina langu. Wandera. Nilidhani ni sifa.

Miezi mingi ilipita bila tatizo kwa sababu rekodi zilikuwa chache. Kisha kampuni ikakua, na Hajati akataka kila asubuhi saa nne apate orodha ya malori yote, safari zake zote na karatasi zake zote, tangu mwaka uanze. Akamwajiri mtu wa kuitoa orodha hiyo. Ndivyo Mama Opio alivyoingia ofisini.

Mama Opio alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mama wa mapacha Opio na Odongo, ambaye kabla ya hapo alitunza ghala la mahindi kule Merikit. Kompyuta alijifunza ukubwani, kwa cheti cha jioni, na alibofya kila kitufe kana kwamba anakiomba ruhusa. Alipewa miezi sita ya majaribio. Barua yake ya kuthibitishwa kazini ilikuwa imeshapigwa chapa, imelala kwenye meza ya Hajati, ikisubiri sahihi. Aliiona kila alipopita. Aliniambia siku moja kwamba barua ile ikitiwa sahihi, itakuwa mara ya kwanza maishani mwake kuwa na kazi ambayo haiishi mavuno yakiisha.

Wiki moja kabla ya miezi sita kutimia, mashine ikaanza kufa.

Haikufa ovyo. Ilikufa kila siku saa nne na dakika chache, mara tu Mama Opio alipobofya kutoa orodha. Skrini zote zinaganda, kisha kila mtu anatupwa nje. Dakika ishirini za kuiamsha. Huko Malaba malori yanajipanga, na mimi napokea simu.

"Mzae, leo tena?" aliniuliza dereva mmoja wa Kenya. Alikuwa amebeba vifaranga wa siku moja. "Hawa vifaranga hawajui story za sistimu. Wao wanakufa tu, ni hivyo."

Ofisini kila mtu akawa daktari. Mhasibu wetu, mlokole wa kukesha, akasema ni pepo, akaja na chupa ya mafuta ya upako akaanza kuyamimina juu ya seva. Nilimdaka mkono mafuta yakiwa yameshafika kwenye feni. Nawaambieni ukweli, pepo sikumwogopa hata kidogo, niliogopa yale mafuta. Hajati naye, asije akapitwa, akamleta sheikh wake, mtu mpole sana, akasoma dua akiwa amesimama mbali kidogo na nyaya. Huyo sheikh ndiye peke yake aliyeniuliza swali la maana. Aliniuliza, "Imebadilika nini?" Nikamwambia hakuna kilichobadilika. Akaniangalia, akavaa viatu vyake, akaondoka.

Na mimi mtaalamu nilifanya nini? Nilifanya mnachofanya ninyi. Nilibadilisha swappiness, kutoka kumi hadi moja, kutoka moja hadi thelathini. Niliongeza idadi ya mafaili yanayoweza kufunguliwa, ingawa hakuna aliyelalamika kuhusu mafaili. Nilimwomba Hajati anunue memori zaidi. Akaniuliza kama memori inaweza kuwekwa kwenye gurudumu, maana malori matatu yalikuwa yanangoja matairi. Nilisoma rekodi ya matukio ya mashine nikaona wazi kwamba kerneli ndiyo iliyoiua hifadhidata kwa kukosa memori. Nikaangalia memori, nikaona karibu yote imetumika. Nikajiambia: basi hifadhidata imenenepa kwa sababu ya ile orodha. Sikujiuliza imetumiwa na nani. Imetumika ni imetumika, nilidhani.

Mama Opio alikuja kwenye meza yangu akiwa ameshika kitambaa mkononi.

"Mzee, mimi nafinya hapa tu, halafu kitu inazima. Nafinya vibaya? Nionyeshe, bambi, tafadhali. Nakuja saa moja asubuhi unionyeshe."

"Unabofya vizuri," nikamwambia.

"Sasa kwa nini inakufa na mimi tu?"

Nilimwambia kompyuta zina mambo mengi. Hilo ndilo jibu la kila fundi asiyejua, liwekeni akilini mkilisikia.

Alhamisi Hajati aliniita peke yangu na kufunga mlango. Barua ya Mama Opio ilikuwa pale mezani, na kando yake ilikuwepo barua nyingine.

"Wandera, niambie moja tu. Hii shida ni ya mashine ama ni ya mtu?"

Hapa ndipo ningesema sijui. Ni neno fupi, na lingemsaidia mtu. Lakini nilikuwa na miaka ishirini ya kazi na jina langu liko juu ya faili, na fundi mkuu kusema hajui ni kama kuvuliwa suruali sokoni.

"Mashine iko sawa, Hajati," nikasema.

Ijumaa Mama Opio akapigwa kalamu. Alifunga mkoba wake, akatuaga mmoja mmoja kwa mkono, na aliponifikia akasema, "Asante, Mzee." Sikujua ananishukuru kwa nini.

Jumamosi kulikuwa na mazishi Kiyeyi. Babake mmoja wa madereva wetu alikuwa amefariki, na ofisi nzima ilikwenda. Mnajua mazishi ya kwetu siku hizi. Mahema matatu, vipaza sauti vya kuamsha hata maiti mwenyewe, na hema la mbele limepangwa viti vya plastiki vyenye vitambaa vyeupe, na karatasi imebandikwa: WAGENI WAHESHIMIWA. Waheshimiwa wenyewe ni madiwani na wabunge ambao huja saa nane, huongea siasa, huondoka kabla jeneza halijashuka. Wakati mwingine hawaji kabisa. Lakini viti vyao haviguswi. Kuna kijana wa itifaki mwenye utepe mwekundu mkononi, na angelinda vile viti hata dhidi ya marehemu.

Mimi nilikalishwa hapo. Dereva alimwambia yule wa itifaki kwamba mimi ni mkuu wa mitambo, na hilo likatosha. Nilikaa peke yangu katikati ya viti vitupu kama arobaini, kivulini, na chupa ya maji. Nje, juani, walisimama majirani waliochimba kaburi, wanawake waliopika tangu jana, na vikongwe wa ukoo waliojifunika kanga kichwani.

Mama Opio alikuwa miongoni mwao. Kumbe kwao ni jirani na pale. Alimshika mkono kikongwe mmoja aliyekuwa anayumba, akamleta hadi ukingoni mwa hema.

"Huyu ni dada ya marehemu," akamwambia yule wa itifaki. "Acha akae hapa mbele, atakufa na jua."

"Hapana, nyabo. Hii imewekewa watu."

"Watu gani? Mimi naona kiti tu."

"Wanakuja."

Wakati huo Mama Opio aliniona. Alinitazama moja kwa moja, kama mtu aliyepata msaada. Ningeweza kusema neno moja na kijana yule angelegea, kwani si mimi ni mheshimiwa? Niliinamia simu yangu. Nilijifanya nasoma ujumbe. Waliondoka wakaenda kukaa chini, kwenye kivuli cha ukuta wa jikoni, pamoja na masufuria.

Nilipoinua kichwa nikaona vile viti. Vimewekwa kando tangu asubuhi. Hakuna anayevikalia. Hakuna anayeruhusiwa kuvikalia. Na watu wanaanguka juani. Wallahi, vijana, nilikumbuka mstari wa nne kwenye faili la Barasa.

Mstari ule unaitwa vm.nr_hugepages, na mbele yake paliandikwa elfu sita. Kerneli hugawa memori katika vipande vidogo vidogo vinavyoitwa kurasa. Hifadhidata kubwa hupenda kurasa kubwa, kwa sababu ni chache na hazichoshi kuzifuatilia. Lakini kurasa kubwa hutengwa mapema, mashine inapowaka, na zikishatengwa programu nyingine haizigusi hata ikifa njaa. Elfu sita ni karibu gigabaiti kumi na mbili. Kwenye mashine ya Busia yenye sitini na nne, hiyo ni hema moja kati ya mengi. Kwenye mashine ya Tororo yenye kumi na sita, hilo ndilo hema lenyewe. Ubaya zaidi, hifadhidata haikalii kurasa hizo mpaka uiambie kwenye mipangilio yake kwamba zimewekwa kwa ajili yake. Barasa alikuwa ameiambia ya Busia. Mimi ya Tororo sikuiambia, kwa sababu sikujua kwamba inaambiwa.

Sikungoja chakula. Nilirudi Tororo, nikafungua ofisi kwa ufunguo wangu, nikauliza kerneli kurasa kubwa ziko ngapi. Elfu sita. Nikauliza zilizo tupu ni ngapi. Elfu sita. Mwaka mzima waheshimiwa hawajaja, na hifadhidata, rekodi na Mama Opio tumewabana kwenye gigabaiti nne kando ya masufuria, mpaka ile orodha iliyokuwa ikirefuka kila siku ikakosa pa kukaa.

Nikaandika sifuri. Nikawasha upya. Nikatoa ile orodha mimi mwenyewe. Ilitoka kwa chini ya dakika moja, na mashine haikukohoa.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa ndipo watu wengi husimulia walivyokimbia kwa bosi kukiri. Mimi sikukimbia. Jumatatu nilifika kazini mapema nikanyamaza jii. Saa nne ikafika, mtu mwingine akabofya, orodha ikatoka. Ofisi nzima ikaguna. Mhasibu akainua mikono juu: "Si niliwaambia? Pepo ametoka na mwenyewe." Hajati akasema, "Kumbe ni yeye kweli." Akaniletea chapati za kwake nyumbani. Nilizila. Nilizila zote, na nikapongezwa kwa uvumilivu wangu, na siku zikaenda, tano, kumi, kumi na mbili. Kila siku nilijiambia kesho nitasema, na kila siku ikawa vigumu zaidi, kwa sababu sasa ningelazimika kueleza pia hizo siku.

Siku ya kumi na nne Mama Opio alikuja kuchukua barua ya kuonyesha kwamba aliwahi kufanya kazi pale. Alikuwa amezunguka Tororo yote, na kila alikobisha walikuwa wameshasikia kwamba yeye ndiye mama anayeua kompyuta. Mji ni mdogo. Alikuja mezani kwangu na mfuko wa njugu mbichi, zenye udongo bado.

"Hii ni yako, Mzee. Watu yote hapa ilinisema. Wewe peke yako hukusema kitu."

Nimepigwa maishani. Nimeibiwa simu mbili kwenye kivuko cha Busia. Hakuna kilichoniuma kama mfuko ule wa njugu. Niliinuka nikamshika mkono, nikampeleka hadi kwa Hajati, nikasema yote nikiwa nimesimama. Faili la Busia. Elfu sita. Jumamosi. Na lile neno la Alhamisi, "mashine iko sawa", nikalisema pia, ingawa mtu wa kunilazimisha hakuwepo.

Hajati hakupaza sauti. "Kwa hivyo mimi nimefukuza mtu," alisema polepole, "kwa sababu wewe uliona haya?"

"Ndiyo, Hajati."

Mama Opio alikuwa amesimama tu. Nilingoja alie, au anitukane kwa lugha yoyote kati ya zile nne. Aliniuliza jambo moja.

"Na kule mazishi uliniona?"

"Nilikuona."

Akatikisa kichwa. Kisha akatoka, akaenda mezani kwangu, akachukua mfuko wake wa njugu, akarudi nao.

Hajati alitaka kunifukuza mimi, na angekuwa na haki. Lakini alimgeukia Mama Opio kwanza, akamwambia barua ya kwanza bado ipo na kalamu ipo. Mama Opio akasema hatarudi kubofya kitu ambacho hakijui halafu afukuzwe kwa ajili yake. Atarudi kama hilo faili atafunguliwa, mstari kwa mstari, na aliyeliweka amweleze kila mmoja kwa nini upo. "Ghala yangu Merikit," alisema, "hakuna gunia inakaa ndani na sijui ni ya nani." Hajati akatia sahihi. Na hivyo ndivyo nilivyobaki kazini, vijana: kama mtu wa kuulizwa maswali.

Tulikaa wiki nzima. Faili lilikuwa na mistari kumi na mmoja. Aliweka kidole kwenye skrini na kuuliza, "Hii kwa nini?" Niliweza kueleza mitatu. Mingine nilianza kupiga chuku, naye akawa ananitazama tu mpaka nanyamaza. Ikabidi nimpigie simu Barasa, aliyekuwa ameshastaafu na kufuga nyuki kwao.

"Sababu ziko kwenye daftari," akasema.

"Daftari nililiacha kwenye droo."

Nilisikia nyuki. "Wandera," akasema, "ulichukua majibu ukaacha maswali." Tulipouliza kule Busia, tukaambiwa daftari lilitumika kuegemeza mlango wa stoo mpaka likachakaa. Basi tukafanya upya, polepole: mstari mmoja, siku moja, tunapima kabla, tunapima baada, Mama Opio anaandika. Mistari sita tuliifuta na hakuna kilichotokea. Ilikuwa imesafiri mpakani kote bila kazi, kama wale waheshimiwa.

Nilistaafu mwaka juzi. Seva niliikabidhi kwa Mama Opio, ambaye siku hizi hata Malaba wanamwita ikiwa na homa. Akifika hapeani namba. Anauliza mashine ina memori kiasi gani, nani anaitumia, na kwa nini, na vijana kama ninyi mnamwona mkali.

Mwezi uliopita nilipita ofisini kumsalimu. Alinipa chai, akanifungulia faili nilione. Jina langu juu limeondoka. Lakini kwenye mstari wa nne, juu ya ile sifuri, ameandika kwa mkono wake maneno ambayo kerneli huyaruka na binadamu huyasoma:

# Kurasa kubwa. Zamani: 6000. Aliyeweka: Wandera. Sababu: hakuna. Aliyefukuzwa: mimi.

Niliyasoma mara mbili. Kisha nikamwomba, kwa heshima, kwa kuwa sasa mimi ni mzee na wajukuu wangu wanasomea kompyuta na huenda siku moja wakapita pale, alifute jina langu.

Mama Opio akavuta kibodi karibu, akaweka mshale mwishoni mwa jina langu, vidole tayari.

"Nafuta, Mzee," akasema. "Lakini wewe unajua hapa hatubadilishi kitu bila kuandika. Niandike kwa nini?"

Chai ilipoa mbele yangu. Jina bado lipo.